Rede, kupikapika, gari la waya au bao: mtoto umwekee mchezo upi?

Kila likizo inapokaribia, wazazi hunishika mlangoni mwa darasa la awali ninalofundisha hapa Tanga. Mwenye binti huuliza, "Mwalimu, huyu anashinda na mdoli tu, nimtafutie kitu kingine?" Mwenye mvulana huuliza, tena kwa sauti ya chini, "Huyu wangu anapenda kukaa na dada zake kupikapika. Nimkataze?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye kitasa, na kila mara nimebaki na deni. Leo nalilipa.

Nimechukua makundi manne ya michezo ambayo mtoto wa miaka 3 hadi 10 anaweza kuipata bila mzazi kuvunja kibubu: michezo ya kukimbia uwanjani, kuigiza maisha ya nyumbani, kuunda vitu, na michezo ya kukaa chini na kupiga hesabu. Yote manne ni ya watoto wote. Ila kila kundi watu wamelijengea ukuta, huyu aingie, yule akae nje, na mzazi anayetaka kuchagua vizuri inabidi aujue ukuta huo uko wapi.

Mizani ya kupimia

Kila mchezo nitaupima kwa mambo matano: unakuza nini kwa mtoto, unagharimu nini pamoja na nafasi unayohitaji, ukuta wake uko wapi na unapunguzwaje, unakwama wapi, na unamfaa nani.

Jambo la tatu linahitaji maelezo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliwakabidhi watu wazima kichanga cha miezi 3 kilichovishwa nguo ya njano, pakiwa na vitu vichache vya kuchezea. Walioambiwa kuwa ni mtoto wa kike walielekea zaidi kumpa mdoli. Kichanga kilikuwa kile kile, mikono ile ile. Kilichobadilika ni neno moja masikioni mwa mtu mzima. Nikikumbuka hilo huwa nasita ninapotaka kusema "huyu kazaliwa anapenda magari." Huenda ni kweli. Lakini nani alimpa kitu kingine akakikataa?

Na kuna ukuta mkubwa kuliko ule wa vitu, nao ni wa muda. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2016 ilieleza kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda mwingi kuliko wavulana wa umri wao kwenye kazi za nyumbani, kwa asilimia 40 zaidi. Kwa siku moja hiyo ni tofauti ya saa milioni 160. Wewe huhitaji ripoti. Toka nje saa kumi na moja jioni, jua limepoa, mchezo ndio unanoga, kisha sikiliza ni majina ya nani yanayoitwa kurudi ndani. Dada akiosha vyombo huku kaka anafukuza mpira, hakuna mchezo nitakaousifu hapa utakaowafaa wote wawili. Gaweni vyombo kwanza: vya mchana vya huyu, vya jioni vya yule, kesho mbadilishane.

1. Uwanjani: rede, kombolela, kamba, chandimu

Unakuza nini. Chukua rede, ambayo wenzetu wa Kenya wana ndugu yake wanayemwita kati. Wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira, wa katikati anakwepa. Mahali pengine yule wa katikati ana kazi ya ziada ya kujaza chupa mchanga huku mpira unampitia sikioni. Jicho linafuata mpira, miguu inaruka, mikono inafanya kazi nyingine kabisa. Kocha wa makipa angeulipia mchezo huo, nao tunauita wa wasichana. Kombolela nayo ina fundisho lake: wenzako wote wamekamatwa, wewe uko mafichoni salama, na ukithubutu kutoka ukalipiga kopo teke, wote wako huru. Mtoto anajifunza kujitosa kwa ajili ya wengine kabla hajajua jina la kitendo hicho.

Unagharimu nini. Mpira wa soksi kuukuu na makaratasi, kipande cha kamba, kopo. Gharama halisi ni uwanja. Mjini viwanja vimejengwa, na barabara si mahali pa kuchezea.

Ukuta wake. Mpira wa rede na mpira wa chandimu hutengenezwa kwa soksi zile zile, lakini unaorushwa kwa mkono tumeupa jinsia moja na unaopigwa kwa mguu nyingine. Kwa wasichana, ukuta mara nyingi ni nguo. Gauni jipya na onyo la "usichafuke" vinamfunga mtoto kuliko kamba. Mvalishe suruali au bukta ndani, umpe nguo ya kuchafua, na nusu ya kazi imekwisha. Akiulizwa mpira utamfikisha wapi, kuna la kujibu: Oktoba 2022 Serengeti Girls wa Tanzania waliifunga Ufaransa 2–1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 huko India, wakaingia robo fainali. Junior Starlets wa Kenya nao wakashiriki kombe hilo hilo mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika. Mvulana anayechekwa kwa kuruka kamba mpeleke akaone mabondia wanavyojipasha moto kabla ya mazoezi.

Unakwama wapi. Timu ya mchanganyiko kwa jina tu, wasichana wamo uwanjani lakini mpira hauwafikii. Dawa ninayoitumia ni kanuni moja: bao halihesabiwi mpaka kila mchezaji wa timu ameugusa mpira. Siku ya kwanza wananung'unika. Siku ya tatu wanasimamiana wenyewe.

Unamfaa nani. Mtoto mwenye nguvu za kumwagika, mwenye majirani wa rika lake, na msichana ambaye siku nzima ameambiwa atulie. Aliye peke yake kwenye ghorofa hautamfikisha mbali.

2. Kuigiza: kupikapika, baba na mama, mdoli

Unakuza nini. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wazazi wanapoogopa zaidi. Mtoto anayeigiza anajifunza kuwaza kwa niaba ya mwingine. Mdoli analia, kwa nini? Ana njaa, au ana homa? Mteja hana chenji, tumfanyeje? Maneno yanaongezeka, zamu zinafuatwa, ugomvi unasuluhishwa kwa sauti ya bandia ya mtu mzima. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliangalia ubongo wa watoto 33 wa miaka 4 hadi 8 wakiwa wanacheza. Sehemu inayohusika na kuwaelewa watu wengine ilifanya kazi hata mtoto alipocheza na mdoli peke yake, tena zaidi kuliko alipocheza peke yake kwenye tableti, na ilikuwa hivyo kwa wavulana na wasichana. Haki isemwe: utafiti huo uligharamiwa na Mattel, kampuni ya wanasesere wa Barbie, kwa hiyo naupokea kwa tahadhari. Lakini unafanana na ninayoyaona mkekani.

Nilikuwa na mvulana mmoja darasani ambaye mama yake alikuwa amejifungua. Siku moja akachukua mdoli, akamfunga khanga mgongoni, akatembea naye hadi kona ya darasa iliyokuwa "kliniki." Akamning'iniza kwenye ndoo kumpima uzito, akadai kadi yake. Mwenzake akacheka: mwanamume habebi mtoto. Nikamuuliza yule aliyecheka, "Wewe baba hajakubeba hata siku moja?" Akafikiri kwa bidii. Akasema baba humbeba mabegani wakienda kuangalia mpira. Baada ya hapo foleni ya kliniki ikawa na kina baba watatu.

Unagharimu nini. Karibu bure. Vifuu vya nazi, vizibo, majani, mchanga, kipande cha khanga. Gunzi la muhindi lenye nywele zake limekuwa mdoli wa vizazi, na hadi leo linasukwa. Nafasi ni mkeka mmoja.

Ukuta wake. Ni mrefu kwa mvulana, na ndani yake kuna ukuta mwingine wa majukumu: mama anapika, baba "ameenda kazini" na hana la kufanya hadi chakula kiive. Kwa mzazi anayeogopa kwamba mwanawe ataharibika, namwomba aangalie barabarani. Anayekaanga chipsi pale kituoni ni kijana wa kiume. Fundi aliyekushonea shati kwa cherehani huenda ni mwanamume. Usiku pale Forodhani, Unguja, wanaume wamesimama nyuma ya meza za vyakula wakipika mbele ya wageni, na hakuna anayewashangaa. Mtoto wa miaka minne anayekoroga mchanga anaiga dunia iliyopo, na baba zake wamo. Ukuta wa majukumu nao unashuka ukibadilisha jina la mchezo. Badala ya "baba na mama" waambie wafungue mgahawa, zahanati, kituo cha daladala. Majukumu yanakuwa ya kazi, na kazi inabadilishwa kwa zamu.

Unakwama wapi. Watoto wanaiga yote, hata ukali na matusi ya watu wazima, na wakijificha nyuma ya banda wanaweza kuiga yasiyofaa umri wao. Mchezo huu ufanyike barazani au mahali palipo na macho ya mkubwa, bila mkubwa kuuingilia kila dakika. Ukisikia mdoli anatukanwa kila siku, usimkaripie mtoto. Jiulize kasikia wapi.

Unamfaa nani. Mtoto mpole, mtoto anayesubiri mdogo wake azaliwe, aliyehamia mtaa mpya, na mvulana ambaye hajapewa nafasi ya kusema "nimeumia" bila kuambiwa ajikaze.

3. Kuunda: gari la waya, maboksi, udongo, matofali ya plastiki

Unakuza nini. Jicho la umbo. Kukata ndala kuukuu ipate tairi la duara, kukadiria waya utoshe usukani mrefu, kugundua kwamba ekseli imepinda ndiyo maana gari linavuta kushoto. Mtoto anaona kosa lake kwa macho na kulirekebisha kwa mkono, bila mwalimu kumkosoa. Watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2007 kwamba hata kwa watu wazima, mazoezi ya saa 10 tu ya mchezo wa video wenye vitendo vya haraka yalipunguza tofauti ya wanaume na wanawake katika kugeuza maumbo kichwani. Yaani ni ujuzi unaokua kwa kuutumia. Asiyepewa waya hawezi kuwa hodari wa waya.

Unagharimu nini. Waya, makopo, vizibo na maboksi hupatikana. Plaizi azima kwa fundi jirani. Matofali ya plastiki yenye jina ni ghali, ya bei nafuu sokoni yapo ingawa mengine hayashikani vizuri.

Ukuta wake. Uko kwenye zana: "Wewe acha, mpe kaka akukatie." Msichana anaishia kushikilia waya huku kaka anakata. Watengenezaji wenyewe wamehangaika na jambo hili. Lego ya Denmark iliweka barua kwa wazazi ndani ya maboksi yake mwaka 1974, ikisema hamu ya kuumba ni sawa kwa watoto wote, wavulana kwa wasichana. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikaleta mfululizo uliolenga wasichana, ukalalamikiwa sana, na mwaka 2021 ikatangaza kwamba itafanya kazi ya kuondoa upendeleo wa kijinsia katika bidhaa zake. Barua ya 1974 ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa hapa kwetu, mfano ninaoupenda ni kina mama wa vijijini wanaofunzwa kufunga umeme wa jua pale Kinyasini, Unguja. Wengi wao shule hawakuenda mbali, na nyaya wanazielewa.

Upande wa pili, udongo wa kufinyangia vyungu huonekana wa kike. Mpe mvulana. Vidole vinavyofinyanga vizuri ndivyo vitakavyoshika kalamu vizuri.

Unakwama wapi. Ncha za waya, mabati yenye makali, na vipande vidogo ambavyo mtoto wa chini ya miaka 3 atavitia mdomoni. Pia mtoto anaweza kuunda peke yake wiki nzima asiseme na mtu.

Unamfaa nani. Mtoto mtulivu anayefungua kila kinachofungika, na msichana ambaye nyumbani kwao redio ikiharibika huitwa kaka.

4. Kukaa chini: bao, mdako, drafti, gololi

Unakuza nini. Subira na hesabu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, yaani komwe 32 kwa kila mchezaji. Wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, unaingiza kete zako 22 za mkononi moja moja, ukiamua kila mara ule upande gani na nyumba yako, lile shimo linaloanza na kete zako nyingi, ibaki salama kwa muda gani. Kwa mtoto wa miaka 6 anza na vishimo vichache mchangani na kanuni ya kugawa kete tu, bao kamili lisubiri. Mdako ni hesabu ya kasi: kijiwe kimoja hewani, vingine vinachopolewa shimoni na mkono ule ule, vinarudishwa vyote ila kimoja, na kile cha juu hakijaanguka.

Unagharimu nini. Mdako ni vijiwe. Drafti ni kipande cha boksi na vizibo 12 kwa 12. Gololi ni za bei ndogo dukani. Nafasi ni ya kukaa watoto wawili, hata siku ya mvua.

Ukuta wake. Umegawanyika ajabu. Mdako wa wasichana, gololi za wavulana, wakati vyote viwili ni jicho na kidole. Bao lenyewe liko barazani kwa wazee wa kiume. Msichana hupita hapo akiwa ametumwa, hakai. Njia nyepesi ni babu kumfundisha mjukuu wa kike nyumbani, hadharani, jioni. Akishajua, hakuna wa kumwambia halimhusu.

Unakwama wapi. Kushindwa kunauma zaidi ukiwa umekaa uso kwa uso, na gololi zikichezwa kwa kuliana huzaa ugomvi na dalili za kamari. Kubalianeni mwanzoni kwamba kila mtu anarudi nyumbani na zake. Komwe, vijiwe na gololi viwe mbali na watoto wadogo.

Unamfaa nani. Mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu wa miguu, mwenye haraka anayehitaji kujifunza kusubiri, na familia yenye babu au bibi ndani.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa na mtoto mmoja kwenye nyumba ya kupanga isiyo na ua, anza na kuunda na kuigiza, kisha tafuta Jumamosi moja ya uwanjani kwa wiki. Uwanja mwombe shuleni.

Ukiwa na kaka na dada wanaogombana nani acheze nini, rede ya kujaza chupa na mgahawa wa mchanga ndiyo michezo ninayoiona ikiwaunganisha haraka, kwa sababu kila mmoja ana zamu na hakuna anayebaki mtazamaji.

Kama binti yako anashinda na mdoli, usimnyang'anye. Mdoli anahitaji kitanda: mpe boksi, mkasi na gundi. Anahitaji gari la kumpeleka kliniki: mpe waya. Atavuka mwenyewe kutoka mchezo wa pili hadi wa tatu bila kuambiwa kwamba alichokuwa anapenda kilikuwa kibaya. Kwa mvulana wa magari fanya kinyume chake. Gari lina abiria, mmoja anaumwa, nani anamshika?

Kama fedha ya likizo inatosha kununua kitu kimoja tu, nunua mpira mmoja mzuri au plaizi ndogo, kwa kuangalia ni kipi ambacho mtoto wako hajawahi kupewa. Mingine yote utaitengeneza.

Kama mtoto anachekwa na wenzake, mkumbushe tu kwamba mchezo si kosa, halafu mtafutie mwenzake mmoja wa kucheza naye. Mtoto mmoja anachekwa, wawili ni mchezo.

Na kama ni mvulana anayependa kupikapika, na babu yake hataki kumwona mkekani, usianze na mabishano. Mkaribishe mzee akae kwenye kigoda awe mteja, mjukuu amletee chai kwenye kifuu na chapati ya udongo. Mababu niliowaona wakiketi hapo, wengi waliishia kuuliza bei.